Mpaka Usikie Ufunguo

Ukitaka kupigwa picha na Godefroid Kapya, ilikubidi kwanza ukubali kukauka. Ulisimama mbele ya ukuta wa nyumba yake pale Kamalondo, kitongoji cha Élisabethville, ukashika baiskeli isiyo yako au ukaegemea kiti cha mkewe, ukainua kidevu, na tangu hapo huna ruhusa hata ya kupepesa jicho. Kamera yake ilikuwa sanduku jeusi lenye jicho moja mbele na ufunguo ubavuni. Godefroid aliliweka tumboni, akainamisha kichwa kutazama kile kioo kidogo cha juu kama mtu anayechungulia sufuria, kisha akatoa amri yake, ileile kila Jumapili baada ya misa: hakuna kutikisika mpaka usikie ufunguo.

Maana sanduku lile lilijua kazi moja tu. Halikuwa na haraka wala taratibu ya kuchagua. Lilifungua jicho kwa mwendo wake lenyewe, likafumba, basi. Mtu akigeuza shingo, alitoka na nyuso mbili. Mtoto akipiga chafya, alitoka hana kichwa. Kwa hiyo watu walikauka kweli, na Godefroid, akishabonyeza, alizungusha ufunguo kuvuta filimu mpaka namba nyingine itokee katika kidirisha chekundu cha nyuma. Kri, kri, kri. Hapo ndipo watu walipovuta pumzi, na mama yake, aliyekuwa akimenya karanga kwenye mkeka karibu na mlango, alisema "Bon, imeisha" bila hata kuinua macho. Miaka mitatu ya Jumapili ilikuwa imemfundisha kuufuata ule ufunguo kwa masikio tu.

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapasa, ingawa padri alikuwa amembatiza Albertine. Mapasa ni mapacha, na kwa watu wa kaskazini kule alikotoka, kuwazaa ni cheo. Kyungu alitangulia kuzaliwa, Kapya, ndiye Godefroid, akafuata. Kyungu aliondoka kabla hajaota meno. Kwao pacha hafi wala haliliwi. Husemwa amerudi, na yule aliyebaki huchungwa asije akaitwa na mwenzake. Namna ya kumchunga ni ngoma. Kila mwezi mpya unapoonekana, mama hujipaka udongo mweupe usoni na mikononi, hutoka uani, na huwachezea wote wawili, aliyepo na aliyerudi, kwa kipimo kimoja, ili asiwepo wa kuona wivu. Ngoma hiyo haichezwi mchana, wala haingoji Jumapili. Huchezwa jua likiwa limeshazama na ule mwezi mwembamba ungali juu ya mapaa, kitambo kidogo tu, basi umekwenda. Mama Mapasa alikuwa ameicheza miaka thelathini na minne, kijijini, kisha katika kambi ya reli alikofanya kazi marehemu mumewe, na sasa nyumbani kwa mwanawe. Na mwanawe alikuwa anaona haya.

Tuseme ukweli, aliona haya sana. Godefroid alikuwa karani katika ofisi moja mjini Élisabethville, mwenye tai mbili na mwandiko mzuri, na alikuwa ameomba kadi. Miaka ile serikali ya Wabelgiji iliwapa kadi Waafrika iliowahesabu kuwa wameendelea, na kabla ya kukupa, mabwana wa tume walikuja nyumbani kwako kutazama unavyokula na unavyolala. Godefroid alikuwa amenunua uma sita. Alikuwa amemfundisha mkewe, Laurentine, kusema bonjour bila kupiga goti. Lakini nyimbo za mapasa zina maneno ambayo katekista hakuyatia katika masomo yake. Zinataja viungo vya mwili kwa majina yake, tena kwa kiitikio, na wanawake majirani waliokuja kuitikia walizipaza mpaka barabarani. Jioni za mwezi mpya, Godefroid alikuwa na kazi nyingi mno ofisini. Aliporudi, mwezi ulikuwa umeshazama na mama yake ameshanawa uso.

Mwaka huo, mvua zilipokwisha, magoti ya mama yalivimba. Muuguzi wa dispensari alimwambia akae, akakaa, akaukosa mwezi mpya mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata alipokuwa na homa. Kisha jioni moja, Godefroid akiwa mezani na bukari yake, ugali wa huko, uma mkononi, mama alimwambia alichokuwa amekifikiri siku zote hizo za mkekani.

"Kapya, mu haya magoti kunabakia ngoma moja. Nataka unipige foto nikiwa mu kucheza. Foto zako zote niko kwa kiti. Bana yako batawaza nkambo wao alizaliwa na kiti."

Laurentine alicheka kwa wazo la wajukuu kudhani bibi yao alizaliwa na kiti. Godefroid hakucheka. Alieleza, kwa sauti yake ya ofisini, kwamba kamera ya sanduku inataka jua na inataka mtu aliyetulia. Kwamba saa ile ya mwezi ni giza kwa sanduku hata kama kwa macho ya watu bado kuna mwanga. Kwamba mtu anayecheza angetoka moshi mtupu. Na yote hayo yalikuwa kweli, ndiyo sababu aliyapenda. Hakuna kisingizio kitamu kama kile ambacho ni kweli. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ajaribu hivyohivyo. Mbele ya mkewe Godefroid hakupata pa kukwepea, akakubali.

Filimu zake zilisafishwa katika duka moja la picha katikati ya mji. Aliyefanya kazi hiyo katika chumba cha giza alikuwa Paulin, waliyesoma naye, lakini patron, mwenye duka, Mzungu, alipitia picha zote kwa macho yake kabla hazijatoka, na patron huyo alijuana na wakubwa wa ofisini kwa Godefroid. Godefroid alimwona mama yake katika mawazo: uso mweupe kwa udongo, mdomo wazi katikati ya kile kiitikio, ametundikwa kwa kibanio akauke kati ya picha za harusi za Wabelgiji. Siku moja kabla ya mwezi kuonekana, alimaliza picha zilizobaki katika filimu kwa kupiga ukuta, na jogoo, na tena ukuta. Akaitoa filimu, akaifunga vizuri, akalifumba sanduku likiwa tupu. Akajiambia kwamba hakuna tofauti, kwa kuwa sanduku lisingeona kitu.

Kesho yake alirudi mapema, na mama alifurahi kumwona anarudi mapema.

Wanawake walikuja watano. Chanda, jirani wa ukuta mmoja, alileta ngoma yake na mtungi wa munkoyo, kinywaji cha mahindi, naye ndiye aliyeuona mwezi kwanza, upande wa bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba, mwembamba kama kucha iliyokatwa. Mama Mapasa alitoka pekupeku. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cha zamani kiunoni, uso na mikono nyeupe, na alipopita mbele ya Godefroid alilitazama sanduku lake, si yeye, kama wateja wa Jumapili wanavyotazama. Kisha akaanza.

Kwa miezi mingi ya kukimbia, Godefroid alikuwa amesahau jinsi anavyocheza. Magoti yale yaliyovimba hayakuonekana tena. Hatua zilikuwa ndogo, bega likatangulia, kiuno kikajibu, mikono ikaenda kulia kwa Kyungu, ikakaa, ikarudi kushoto kwa Kapya, ikakaa, kipimo kilekile, na wimbo ukamtoka wote na maneno yake yote. Godefroid aliinamisha kichwa. Katika kile kioo kidogo hakuona mama, aliona tu kitu cheupe kikipita na kurudi. Akabonyeza. Sanduku likasema ka, kama kawaida yake. Akangoja kidogo, akabonyeza tena. Ufunguo hakuugusa, kwa kuwa hapakuwa na filimu ya kuvuta.

Mama aliendelea kucheza. Wanawake walikwishaimba nyimbo wanazoimba kila mwezi, wakarudia ya kwanza. Chanda alibadili mkono. Kwa kawaida Mama Mapasa alicheza zamu tatu akaketi, lakini jioni hiyo alipita ya tatu, akapita ya tano, kichwa kimeinama kidogo upande wa mwanawe. Godefroid alidhani furaha imemchukua. Mwezi uligusa bomba, ukashuka. Mama alikuwa haimbi tena, pumzi tu, na bado mikono ilikwenda kulia na kushoto. Laurentine ndiye aliyesogea, akamnong'oneza mumewe kwamba mama atakufa pale uani, amwambie inatosha.

"Mama, imetosha," alisema Godefroid.

Mama alisimama. Alilitazama sanduku kitambo, akasema "Bon," na wakambeba kwa makwapa mpaka kitandani.

Wiki mbili zilipopita, mama aliuliza picha. Godefroid alikuwa ameshatayarisha jibu: giza limekula zote, haikutoka hata moja. Mama alitikisa kichwa polepole. Alisema pengine kosa ni lake, alitikisika mno, na yeye Kapya alishamwambia tangu mwanzo. Hapo ndipo Godefroid alipopaswa kusema. Palikuwa na nafasi, ya kutosha kabisa. Badala yake alichukua kikombe cha chai, akanywa, na chai ilikuwa imeshapoa.

Mama hakuweza tena kwenda misani kwa miguu. Godefroid alimkodishia baiskeli, akamsukuma mwenyewe mpaka mlangoni mwa kanisa, na watu wakamsifu kuwa mtoto mwema. Sifa zile zilimwasha mwilini.

Jumatatu moja alikwenda dukani kuchukua picha za wateja. Patron hakuwapo, Paulin akamkaribisha nyuma, na pale ukutani, karibu na masinki, Godefroid akaona picha kubwa ya mwanamke anayecheza. Nyuma yake anga ilikuwa na mwanga kidogo tu, wa jioni. Mikono ilikuwa ukungu, miguu haikuonekana kabisa, lakini uso ulikuwa wazi, macho yamefumbwa, jasho linang'aa kwenye paji. Aliuliza ni kamera gani. Paulin alimwonyesha sanduku kama lake, tena la kwake lilikuwa limefungwa kwa kamba.

Paulin alieleza kwa furaha, maana si wengi waliomwuliza. Unaliweka sanduku juu ya kiti, si tumboni, kwa sababu tumbo linapumua. Unavuta kile kiulimi kidogo cha juu, ambacho Godefroid hakuwahi kukijali, ili jicho libaki wazi kwa muda unaotaka wewe. Kisha humpigi mtu akiwa njiani. Unangoja pale anapofika mwisho wa hatua na hajaanza kurudi, kama vile bembea inavyosimama kidogo juu kabla ya kushuka. Kila mchezaji ana mahali pake pa kusimama. Ukimtazama vya kutosha, utapajua.

"Mikono acha iende," Paulin alisema, kwa kuwa ukungu wake ndio ushahidi wa mchezo. "Mikono njo inaonyesha asema alicheza."

Godefroid aliuliza, huku akitazama pembeni, patron alisema nini alipoiona. Paulin alijibu kwamba patron aliitengeneza nyingine kubwa zaidi, akaiweka dirishani, kwenye barabara kuu, na watu wanasimama kuitazama. Kisha akaongeza kuwa yule ni tantine wake, dada wa mama, siku ya kumaliza matanga. Alilisema hilo kama mtu anavyotaja jina lake.

Godefroid alitoka na bahasha yake, akasimama mbele ya dirisha lile. Alikuwa amezoea kuona haya kwa ajili ya mama yake. Sasa alikuwa anaona haya mbele ya mama yake, na hii ya pili ilikuwa nzito kuliko ile, kwa kuwa hapakuwa na Mzungu wa kumsingizia. Mikono ikienda kulia, inakaa. Ikienda kushoto, inakaa. Mama yake alikuwa na mahali pa kusimama pawili, na yeye alikuwa amepatazama jioni nzima na sanduku tupu.

Siku zilizobaki alijifunza kama mtoto wa shule. Alitia filimu mpya. Kila jioni, saa ile ya mwezi, alimweka Laurentine uani atwange sombe, majani ya muhogo, akatega sanduku juu ya kiti, akahesabu kwa midomo, akangoja mchi uwe juu. Hakutumia filimu kwa hilo, alijifunza tu kungoja. Laurentine alimwuliza ana nini siku hizi. Akasema safari hii mama lazima atoke. Aliapa moyoni kwamba akishapata picha ndipo atakapomwambia mama yote, picha ikiwa mkononi, ili ukweli usiende kwake mikono mitupu. Ndivyo alivyojipangia, naye alijiona amepanga vizuri.

Mwezi mpya ulionekana Alhamisi, jioni ya baridi. Chanda alikuja na ngoma, wanawake wakaja wamejifunika. Godefroid alikuwa ameshaweka kiti chake na sanduku juu yake. Wakangoja. Mama Mapasa alitoka ameshikwa mkono na Laurentine, na Chanda, aliyekwisha kuinua mikono apige, akaishusha.

Hakuwa na udongo usoni. Alikuwa amevaa gauni lake la buluu la misa, viatu vya kufunga, kitambaa cheupe kichwani na rozari mkononi. Alipita katikati ya wanawake taratibu, akaenda mpaka ukutani, pale wanaposimama watu wa Jumapili, akashika mgongo wa kiti cha Laurentine, akainua kidevu.

Chanda alijaribu kupiga. Mama aliinua vidole viwili, ngoma ikanyamaza.

Godefroid alimwendea. Alimwambia kwa sauti ya chini acheze, leo anajua namna ya kufanya, leo hata akitikisika atatoka. Mama hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku.

"Hapana. Piga," alisema. "Nimesimama."

Wanawake wote walikuwa wanawatazama. Neno lilikuwa pale mdomoni, dogo, halikuhitaji hata pumzi nzima: siku ile hapakuwa na filimu. Angelisema, mama angejua kwamba kutikisika kwake hakukuharibu kitu, pengine angevua viatu vile. Godefroid alimtazama Chanda, akamtazama mkewe, akarudi nyuma ya kiti chake, akainama. Alivuta kile kiulimi, akafungua jicho, akahesabu mpaka nne. Mama hakutikisika hata ncha ya kitambaa. Katika maisha yake yote ya picha, Godefroid hakuwahi kupata mtu aliyetulia namna ile. Akafumba jicho la sanduku, akashika ufunguo, akazungusha.

Kri, kri, kri.

Mama aliachia pumzi. "Leo nimeisikia," alisema.

Wanawake hawakuelewa. Walidhani anasema juu ya ngoma ya Chanda, au baridi, au uzee tu. Laurentine alimketisha kwenye kiti, akaenda kumwaga munkoyo vikombeni. Godefroid alibaki ameshika ufunguo, kisha miguu ikampeleka yenyewe mpaka kwenye kile kiti, akachutama mbele ya mama yake. Hakuweza kuinua uso.

"Ile siku nilingojea ile kri-kri," mama alisema, polepole, kwa masikio ya mwanawe peke yake. "Nikasema, ikilia nitaikala chini. Nikacheza. Nikasema, sasa italia. Haikulia."

Godefroid alimwambia asamehe. Alisema kulikuwa na patron, na tume, na kadi. Alisema mambo mengi, yote madogo. Mama alimwacha amalize. Kisha Godefroid akamwuliza, kama alijua, mbona alisema kosa ni lake, mbona leo amesimama.

"Niliona uko na haya ya mama mwenye kucheza. Basi nikasema, apate wa kusimama. Ile ya leo utaonyesha Bazungu yako ya kadi."

Mwezi ulikuwa bado juu ya bomba, vidole viwili hivi. Godefroid aliuona. Akamshika mama mikono, akamwomba acheze, kidogo tu, zamu moja, filimu ipo, picha saba zimebaki, atawaambia wanawake yeye mwenyewe kila kitu, sasa hivi.

"Miguu ilibakia kule, mutoto wangu. Nilikuambia: ngoma moja." Alisogeza mguu mmoja mbele, kwa shida. "Nivue hivi viatu. Vinauma."

Godefroid alipiga goti, akafungua kamba. Viatu vilikuwa vimekaza, miguu imevimba mpaka kisiginoni, na ilimbidi avivute taratibu, kimoja, kisha kingine. Alipoinua kichwa, wanawake walikuwa wanajifunika nguo zao tayari kwenda, na Chanda alikuwa ameibeba ngoma begani. Upande wa bomba hapakuwa na kitu tena. Alibaki amepiga goti, viatu vya mama mkononi.